Taharuki ya kiini: jina la hitilafu na njia ya kuitatua

Nomino kiini (ngeli ya KI-VI, wingi viini) ni neno la jikoni kabla ya kuwa neno la maabara. Kila mpishi anajua kiini cha yai, ile sehemu ya manjano iliyozungukwa na ute mweupe. Neno hilohilo hutaja kitovu cha jambo, kama katika kiini cha habari au kiini cha mgogoro, na wanafizikia wamelitwaa kwa kiini cha atomi. Katika taaluma ya kompyuta, kiini ni ile programu inayokaa kati ya maunzi na programu nyingine zote: ndiyo inayogawa muda wa kichakataji, inayotoa na kunyang'anya nafasi katika kumbukumbu, na inayoamua nani aruhusiwe kusoma au kuandika diskini. Mfumo endeshi unaweza kuwa na madirisha, aikoni na kalenda. Vyote hivyo vikiondolewa kimoja kimoja, kitakachobaki ni kiini.

Wapo wanaosema kerneli, na hawakosei. Kwa umbo hilo upatanisho ni wa ngeli ya I-ZI: kerneli imesimama, kerneli zimebadilishwa. Mazungumzo ya mafundi yanaelemea huko. Katika maandishi ya kufundishia, kiini kina faida ya kujieleza chenyewe, ingawa mwandishi ahadhari na neno kiinimacho, ambalo ni mazingaombwe na halihusiani kabisa na skrini. Kokwa na punje, ambazo zingekuwa tafsiri ya moja kwa moja ya sitiari ya Waingereza, hazikupata wafuasi, na hakuna haja ya kuzifufua.

Makala haya yanahusu kinachotokea kiini kinaposimama ghafla wakati mtu anasakinisha mfumo endeshi uliobuniwa kwa ajili ya usalama. Ni suala la istilahi na ni suala la ufundi kwa pamoja, kwa sababu, kama itakavyoonekana, jina baya la hitilafu linaweza kumgharimu mtu data yake.

Asili ya sitiari

Hitilafu yenyewe ni rahisi kueleza. Kiini kinapokutana na hali ambayo hakiwezi kuendelea nayo bila kuhatarisha uadilifu wa data, huandika ujumbe wa mwisho kwenye skrini, kisha husimamisha mashine nzima. Wabunifu wa Unix katika maabara ya Bell, kule Marekani, ndio walioupa utaratibu huo jina la kibinadamu, yaani jina la mtu aliyepatwa na hofu ya ghafla. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi katika mfumo uliotangulia wa Multics, amesimulia kwamba aliwahi kumwambia Dennis Ritchie kuwa karibu nusu ya msimbo alioandika ulikuwa wa kujinasua na makosa. Ritchie akamjibu kuwa wao katika Unix waliyaacha yote hayo: kosa likitokea, utaratibu mmoja unaitwa, mashine inasimama, na mtu anapaza sauti ukumbini ili wenzake waiwashe upya.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo jina linaficha. Mtu aliyeingiwa na hofu hufanya mambo bila kufikiri. Kiini kinafanya kinyume chake: kinaacha kufanya chochote, kwa makusudi, kwa sababu mwandishi wake aliamua tangu mwanzo kuwa kusimama ni bora kuliko kuendelea na hesabu zilizoharibika.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya hali hiyo, na si yote yanayofaa. Hofu na woga ni hisia za kudumu kuliko tukio; hofu ya kiini inasomeka kana kwamba mtumiaji ndiye anayekiogopa kiini. Fadhaa ni mvurugiko wa moyo. Mchecheto ni wasiwasi wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kiwewe kinakaribia, kwa kuwa mtu mwenye kiwewe hupoteza mwelekeo, lakini kiwewe hutokana na pigo la nje, na mara nyingi kiini kinasimama kwa sababu ya jambo lililo ndani yake. Bumbuwazi ndilo linalofanana zaidi na tabia ya mashine: mtu aliyepigwa na bumbuwazi husimama wima, macho makavu, asitikise kidole. Kasoro yake ni moja. Aliyepigwa na bumbuwazi hasemi neno, ilhali kiini kinasema, na maneno yake ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Linabaki taharuki, ambalo wasomaji wa magazeti wanalijua vizuri kutoka katika kirai kuzua taharuki. Ni nomino na ni kitenzi pia, hivyo linaruhusu kusema taharuki ya kiini na vilevile kiini kimetaharuki. Linataja tukio lenye mwanzo. Ndilo linalopendekezwa hapa.

Hata hivyo, haki itendeke kwa historia ya neno. Taharuki limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa haraka na harakati, na maana ya msingi ya mzizi huo ni mwendo. Kusakinisha nako kumetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutulia na kukaa mahali, mzizi wa maskani. Aliyepita madrasa atakumbuka jozi hiyo katika sura nyingine: herufi yenye irabu ina haraka, herufi isiyo na irabu ina sukuni. Kwa hiyo sentensi ya kawaida kabisa kama "kiini kilitaharuki wakati wa kusakinisha" inaweka pamoja, kwa asili ya maneno yake, mtikisiko na utulivu, na kwa kichekesho cha lugha imekigeuza kile kilichosimama kuwa ndicho chenye mwendo. Hilo halizuii kulitumia neno. Maana ya leo ya taharuki ni mshtuko wa ghafla, si mwendo, kama ambavyo hakuna anayesema haraka huku akifikiria irabu.

Mfano kutoka Amani

Amani ni jina la mahali na ni nomino ya kawaida. Kama nomino, limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia imani, amini na amana. Kama mahali, ni kijiji na kituo cha utafiti kilicho Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini Muheza kwa barabara inayopanda kupitia bonde la mto Sigi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya baiolojia na kilimo hapo mwaka 1902, wakajaribu miti na mazao ya kila namna, mikwinini ikiwamo. Baadaye utafiti wa malaria ulikita mizizi hapo, na msitu unaozunguka ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Mahali hapo, basi, pana zaidi ya karne moja ya watu wanaopanda mlima na daftari na kushuka na takwimu.

Chukulia mwanafunzi wa uzamili anayekaa huko kwa miezi mitatu akihoji kaya kuhusu homa, vyandarua na dawa. Kompyuta yake mpakato ina majina, umri na hali za afya za watu ambao hawakumpa taarifa hizo ili zizagae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msimamizi wake amemshauri aachane na mfumo wa kawaida na asakinishe Qubes, mfumo endeshi unaotenga kazi katika vyumba vilivyofungwa, mithili ya nyumba ambayo kila chumba kina kufuli lake na mwizi aliyeingia sebuleni hafiki chumbani. Qubes hutumia programu ya Xen kujenga vyumba hivyo, na kiini cha Linux kuviendesha. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2012. Mwanafunzi amenunua diski ya pili, ameitia ndani ya kompyuta, na hajaigusa ile ya zamani yenye data. Amepakua faili la mfumo usiku kwa bando la simu, ameliandika kwenye flashi, amewasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Maandishi meupe yanateremka juu ya skrini nyeusi, kisha yanaganda. Taa ya kitufe cha herufi kubwa inamemeta bila kukoma.

Anampigia fundi aliyeko Tanga mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za mlimani?"

"Nzuri, ila kompyuta imegoma."

"Imegomaje? Haiwaki, au inawaka halafu inakwama?"

"Inawaka, inaleta maandishi mengi, halafu inaganda."

"Basi iteremshe Jumamosi niipige upya."

Mazungumzo haya ni ya kubuni, lakini kila kauli iliyomo husikika katika vibanda vya mafundi. Hatari imejificha katika kauli ya mwisho. Kugoma hakusemi kitu: gari hugoma, jiko hugoma, punda hugoma. Kuganda ni sawa na kusema mgonjwa amelala. Kupiga, kwa upande wake, kunasema mengi mno. Kirai kupiga windo, yaani kuweka mfumo wa Windows, kimezaa matumizi mapana ambamo kupiga ni kusakinisha mfumo wowote, na kwa desturi ya vibanda kunaanza kwa kufuta diski. Fundi hana nia mbaya. Amesikia hitilafu isiyo na jina na ametoa dawa ya jumla. Ikiwa mwanafunzi ataitikia "sawa", kazi ya miezi mitatu itafutwa ili kutibu kosa lililokuwa kwenye flashi.

Kusoma maneno ya mwisho ya kiini

Ujumbe wa taharuki katika Linux una muundo wa kudumu. Huanza kwa kutangaza taharuki, hufuatia tamko kwamba kiini hakioanishi, kisha nukta mbili, kisha sababu. Baada ya hapo hufuata safu ya anwani na majina ya vipande vya msimbo, na mwishoni tangazo lile la kwanza hurudiwa. Mtumiaji wa kawaida asihangaike na safu ya katikati. Aitafute ile sababu iliyo baada ya nukta mbili, aipige picha kwa simu, na apige pia picha ya mistari michache iliyotangulia tangazo.

Tamko la kutooanisha linastahili maelezo, kwa sababu ndilo linalowatisha watu bure. Kuoanisha, katika muktadha huu, ni kuyahamishia diskini mabadiliko ambayo bado yamo katika kumbukumbu. Kiini kinaposema hakioanishi, kinamaanisha kwamba kimeacha kuandika diskini, kwa kuwa kiini kinachotilia shaka hesabu zake hakipaswi kuziandika mahali pa kudumu. Tafsiri kama "data haijahifadhiwa", hata ikiwa na chembe ya ukweli kwa kazi iliyokuwa wazi wakati huo, humfanya msomaji adhani data yote imepotea. Ni afadhali kuandika: "kiini kimesimama bila kuandika chochote zaidi diskini".

Sasa sababu yenyewe. Katika mfano wa Amani, kiini kinalalamika kwamba kimeshindwa kuupachika mfumo mzizi wa mafaili. Kitenzi ni kupachika, kwa kuwa diski hupachikwa katika mti wa mafaili kama tawi linavyopachikwa katika shina. Atakayefuata kamusi kijuujuu na kuchagua kupanda atapata kiini kilichoshindwa kupanda mzizi, kauli ambayo huko Amani ingemhusu bwana shamba.

Maana yake ni kwamba kiini chenyewe kilisomwa kutoka kwenye flashi kikaanza kufanya kazi, lakini hakikupata kile kifurushi kidogo cha mafaili kinachotakiwa kukipokea mara baada ya kuamka. Kwa mtu anayesakinisha kwa mara ya kwanza, mshukiwa wa kwanza ni flashi, na nyuma yake faili lililopakuliwa. Faili la gigabaiti kadhaa lililovutwa kwa mtandao unaokatikakatika linaweza kuwa pungufu bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho.

Dawa yake ni kukagua heshi. Heshi ni muhtasari wa tarakimu unaokokotolewa kutoka katika faili zima. Ya aina ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, na baiti moja ikibadilika muhtasari wote hubadilika. Anayepakua hukokotoa heshi ya faili lake na kuilinganisha na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Kwa mfumo unaonuia usalama haitoshi kuishia hapo, kwani aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha heshi iliyo kando yake. Ndiyo maana hukaguliwa na saini ya kidijitali. Katika Kiswahili tofauti hiyo iwekwe wazi: heshi huthibitisha uzima wa faili, saini huthibitisha asili yake. Kuziita zote "uhakiki" ni kuipoteza hoja.

Faili likiwa zima, swali linahamia kwenye namna lilivyoandikwa kwenye flashi. Kunakili faili na kulibandika kama picha ya harusi hakufanyi flashi iweze kuwasha kompyuta. Wanaotumia programu ya Rufus kwenye Windows wanapaswa kuchagua hali ya DD, ambayo huandika baiti kwa baiti bila kupanga upya chochote. Hali nyingine ya programu hiyo hupanga upya mafaili, na Qubes haiivumilii. Kisha flashi ijaribiwe katika tundu jingine la kompyuta, na ikibidi flashi nyingine itafutwe. Flashi za bei ya chini zina tabia ya kudai ukubwa zisio nao.

Taharuki ikiendelea baada ya hayo, kuna swali moja linalogawa njia: je, ujumbe ni uleule kila mara, au unabadilika? Ujumbe usiobadilika, unaotokea mahali palepale, huelekeza kwenye kiendeshi cha kifaa fulani au kwenye programu dhibiti ya ubao mama. Kadi ya michoro ni mshukiwa wa mara kwa mara, na kuongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia hukizuia kiini kuigusa kadi hiyo mapema. Kusasisha programu dhibiti husaidia pia, lakini kusifanywe siku ambayo umeme unacheza, kwani ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao mama wenyewe unaweza kufa. Ujumbe unaobadilika kila mara, leo hiki kesho kile, kwa kawaida huelekeza kwenye kumbukumbu iliyoharibika. Programu ya Memtest86+ huipima kumbukumbu hiyo kwa kuiandika na kuisoma tena na tena. Iachwe ifanye kazi usiku kucha, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme.

Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Kumbukumbu ni ile inayosahau umeme ukizimwa. Hifadhi ni ile inayobaki. Lakini mtaani "memori" ni kadi ya simu, yaani hifadhi, na mtu aliyeambiwa kumbukumbu yake ni mbovu huenda akafuta picha ili kupunguza mzigo. Kwa fundi, maneno hayo mawili yatumike kwa ukali wa mizani ya dhahabu. Mwanafunzi akiambiwa "kumbukumbu imeharibika" anapaswa kujua kwamba data iliyo diskini haikutajwa.

Yapo pia matukio yanayochanganywa na taharuki ilhali si taharuki. Qubes ya toleo la 4 na kuendelea huhitaji kichakataji chenye uwezo wa kugawa vyumba kwa maunzi, unaoitwa VT-x na VT-d katika vichakataji vya Intel, na kompyuta nyingi hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa. Kisakinishi hukuta hali hiyo, huonyesha onyo, na humwachia mtumiaji uamuzi. Hilo ni onyo. Programu moja ikishindwa kumaliza kazi yake huku nyingine zikiendelea, hilo ni kosa. Kifaa kikikataa kufanya kazi, hiyo ni hitilafu, neno pana kuliko yote. Taharuki ibaki kwa kiini peke yake, na kwa tukio lile tu ambalo baada yake hakuna kinachoendelea. Kwenye Windows tukio la jamaa moja hujulikana kwa rangi ya skrini yake, na tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona kwa wakati mmoja: sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Programu hiyo ilikuwa imeruhusiwa kufanya kazi ndani ya kiini, hivyo kosa lake halikubaki kosa.

OpenBSD, mfumo mwingine uliojengwa juu ya wazo la usalama tangu mwaka 1995, una adabu yake. Kiini chake kikitaharuki, hakinyamazi moja kwa moja. Humfungulia mtumiaji dirisha la uchunguzi na kumwomba aandike amri za kuonyesha mfuatano wa miito na orodha ya michakato, kisha aambatishe majibu katika taarifa yake.

Lugha ya skrini na lugha ya simu

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kujisumbua na istilahi hii ikiwa skrini yenyewe haitaionyesha kamwe. Swali ni la haki. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za kuandikia barua zikasomeka kwa Kiswahili. Tangu hapo simu na vivinjari vimefuata. Lakini ujumbe wa kiini cha Linux haujatafsiriwa katika lugha yoyote, kwa uamuzi wa watunzaji wake: mtu wa Tokyo na mtu wa Muheza wanaona Kiingereza kilekile, ili ujumbe uweze kutafutwa na kulinganishwa popote. Uamuzi huo una mantiki, na hakuna sababu ya kuupinga.

Istilahi ya Kiswahili basi haiishi kwenye skrini. Inaishi katika ile simu kutoka mlimani kwenda Tanga, katika daftari la fundi, katika taarifa ambayo mwanafunzi atamwandikia msimamizi wake. Hapo ndipo inapopimwa. Mwanafunzi yule angeweza kusema hivi: "Fundi, ninasakinisha Qubes kwenye diski mpya. Kiini kimetaharuki kabla sijafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Kinasema kimeshindwa kupachika mfumo mzizi. Diski ya zamani ina data, isiguswe." Ni sentensi nne. Fundi akizisikia hataomba kompyuta iteremshwe. Atauliza heshi ilikaguliwa au la.

Maneno "kabla sijafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski" ndiyo yenye uzito kuliko yote katika taarifa hiyo. Kisakinishi cha Qubes hakiandiki chochote kwenye diski ya kompyuta mpaka mtumiaji achague diski na kuthibitisha. Taharuki iliyotokea kabla ya hapo imeziacha diski zote kama zilivyokuwa. Iliyotokea baada ya hapo inaweza kuwa imeacha diski iliyochaguliwa ikiwa nusu imeandikwa. Ikiwa diski hiyo ilikuwa na kitu cha thamani, kompyuta izimwe na diski itolewe inakiliwe na mjuzi kabla ya mtu yeyote kujaribu kusakinisha tena.

Tanbihi za matumizi

Andika kiini kimetaharuki au kerneli imetaharuki; usichanganye viambishi. Umbo kiini ametaharuki, linalosikika kwa wanaoiona mashine kama mtu, liachiwe hadithi za watoto. Kutaharukisha kunafaa kwa kisababishi: "kiendeshi cha kadi ya michoro kilikitaharukisha kiini". Kwa wingi, taharuki haibadiliki: taharuki mbili zimetokea leo.

Kusakinisha na kusimika vyote vinakubalika kwa kuweka mfumo katika kompyuta. Kupakia kuachiwe kupeleka faili mtandaoni, na kupakua kulivuta. Kupiga hakuna ubaya katika mazungumzo, mradi msemaji aongeze kama diski ifutwe au isifutwe.

Kwa watumiaji wa Kenya wanaopendelea tarakilishi na kipakatalishi, upatanisho haubadiliki: kiini cha tarakilishi kimetaharuki. Usalama hutumika kwa kinga dhidi ya ajali na kwa kinga dhidi ya adui vilevile, na Kiswahili hakijaona haja ya kuzitenga kwa nomino mbili. Panapohitajika tofauti, faragha hutaja haki ya mtu kutojulikana mambo yake, na ulinzi hutaja hatua zinazochukuliwa. Mfumo endeshi wa ulinzi ungeeleweka kuwa ni wa jeshi.